UZI: Vuguvugu letu la hisani likishutumiwa hadharani, mwanachama afanye nini?

#1 Mshika_Daftari (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauelekeza kwa wanachama wa kawaida wa mavuguvugu ya hisani: wanaochanga kila mwezi, wanaojitolea, wanaoendesha matawi. Maofisa habari wa taasisi wana miongozo yao na mawakili wao. Mwanachama hana mwongozo wowote, na ndiye hukutana na shutuma mapema kuliko wote, kwa kuwa anajulikana kwa majirani, kazini na kwenye makundi ya mtandaoni.

Msimamo wangu nautanguliza. Kazi ya kwanza ya mwanachama ni kujua kama kinachosemwa ni kweli; kutetea kunafuata baadaye, na mara nyingine hakufuati kabisa. Pesa inayobishaniwa si ya vuguvugu. Imetoka kwa mchangiaji, imeombwa kwa jina la mtu mwenye shida, na hao wawili hawamo kwenye mabishano. Ukimzidi mkosoaji kwa maneno ilhali alichosema ni kweli, waliopoteza ni wao.

Kabla hujaandika neno, jiulize unajibu shutuma ya namna gani. Kuna *tuhuma ya tukio*: fedha zimeibwa, mtu amenyanyaswa, takwimu zimeghushiwa. Kuna *hoja ya matokeo*: mradi haufanyi kazi, au unafanya kazi kidogo kuliko mnavyotangaza. Kuna *hoja ya msingi*: njia yenu nzima ya kusaidia ina kasoro. Na kuna *uchungu*: mtu aliyeumizwa, aliyedharauliwa au aliyechoka, anayesema kwa ukali na huenda hana hoja iliyopangwa. Makosa mengi ninayoyaona ni ya kujibu aina moja kana kwamba ni nyingine. Mtu anasema alinyanyaswa na kiongozi wa tawi, anajibiwa kwa idadi ya watoto waliopata chanjo. Mtu analeta hoja ya msingi iliyofikiriwa miaka kumi, anaambiwa "una chuki tu".

Kwenye tuhuma ya tukio, mwanachama hathibitishi wala hakanushi, kwa sababu hajui. Hata kama unamfahamu mtuhumiwa na una hakika ni mtu mwema, huko ni kumfahamu yeye, si kulifahamu tukio. Unachofanya ni kupeleka taarifa siku hiyohiyo kwa anayehusika na ulinzi wa watu au na malalamiko. Taarifa nzuri ina mambo sita: kiungo cha bandiko, nakala uliyoihifadhi, saa uliyoiona, sentensi yenyewe ya tuhuma bila kuifupisha, unachokijua kwa macho yako (kama hujui, sema hujui), na kama kuna mtu aliye hatarini sasa hivi. Hilo la sita ndilo husahaulika, na ndilo linaloamua kama jambo lisubiri kikao au simu ipigwe usiku huo. Mtoto akihusika, vyombo vya dola vya mahali hapo vinaarifiwa. Usisubiri bodi ikutane.

Karibuni tuongezee.

---

#2 Bi_Hesabu

Nakazia hapo kwenye tuhuma za matukio, kwa mfano ambao kila mwanachama angepaswa kuujua.

Tarehe 9 Februari 2018 gazeti la The Times la Uingereza liliandika kuhusu wafanyakazi wa Oxfam nchini Haiti waliotuhumiwa kuwalipa wanawake kwa ngono wakati wa kazi ya misaada baada ya tetemeko la 2010. Shirika lilikuwa limeshachunguza jambo hilo mwaka 2011, na baadhi ya watu walifukuzwa, wengine wakaruhusiwa kujiuzulu. Lakini taarifa ya umma ya 2011 ilisema kulikuwa na utovu wa nidhamu bila kusema kuwa ulikuwa wa kingono. Neno moja lililoachwa 2011 ndilo lililowafanya watu 2018 waulize: kama mlilificha hilo, mmeficha nini kingine?

Kisha yakaja majibu. Mtendaji mkuu, katika mahojiano na gazeti, alizungumza kwa namna iliyoonyesha kwamba anaona ukubwa wa shutuma umepitiliza. Tarehe 20 Februari alikuwa mbele ya kamati ya bunge akiomba radhi kwa maneno hayo yenyewe. Kamati iliambiwa kwamba wachangiaji wa kudumu wapatao 7,000 walikuwa wameshaondoka kwa siku hizo chache tu.

Kwa mwanachama nachukua jambo moja. Ukubwa wa shutuma haupimwi na anayeshutumiwa. Hata pale ambapo kweli umezidishwa, ukisema hivyo msikilizaji anasikia kwamba unalinganisha maumivu ya mtu na sifa za taasisi. Kwa hiyo ziacheni sentensi hizi katika siku za mwanzo: "kila shirika lina watu wabaya", "ni wachache tu", "kwa nini limeibuliwa sasa?", "hawa wanataka kupunguza bajeti ya misaada". Ya mwisho huenda ikawa na ukweli. Wapo wanaotumia kashfa kwa ajenda zao. Lakini nia ya msemaji haibadilishi kilichotokea, na ukianza na nia yake umeshauambia umma kwamba tukio lenyewe hulijali.

---

#3 Tawi_Jipya

Wakuu, swali la kivitendo. Nikikaa kimya kwenye kundi ambalo wote wanajua mimi ni mwanachama, si wataona nimekubali? Na je, kuna muda maalumu wa kujibu?

---

#4 Mshika_Daftari

Mkuu, kati ya kukaa kimya na kutetea kuna jibu fupi la kushikilia nafasi. Lina sehemu tatu tu: umeiona, wewe ni nani, na utarudi lini. Mfano:

> "Nimeisoma habari hii na imenishtua. Mimi ni mchangiaji, si msemaji wa shirika, na sijui kilichotokea. Nimeipeleka kwa wanaohusika. Ijumaa nitaeleza hapa nilichoambiwa, hata kama sitakuwa nimejibiwa."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna "uchunguzi utafanyika", kwa sababu hilo si lako kuahidi. Hakuna "kama ni kweli inasikitisha", ambayo mlalamikaji huisoma kama "sikuamini". Na Ijumaa ikifika, rudi. Wengi husahau, na ahadi ndogo iliyovunjwa mbele ya watu hamsini inabaki vichwani mwao kuliko habari yenyewe.

Kuhusu muda, inategemea aina. Tuhuma ya tukio: jibu la kushikilia nafasi ndani ya siku moja. Hoja ya matokeo: siku tatu hadi saba, maana utahitaji kusoma ripoti. Hoja ya msingi haina haraka yoyote. Mkosoaji aliyeandika kurasa ishirini anaheshimika zaidi ukimjibu baada ya wiki mbili ukiwa umezisoma zote. Uchungu ujibiwe mapema, kwa maneno machache, na ikiwezekana kwa sauti, nje ya ukumbi wa wote. Muulize kwanza kama anataka kuzungumza, usimpigie tu.

Tena, usiandike jibu ukiwa na hasira kwenye kisanduku cha maoni. Liandike pengine, pasipo na kitufe cha kutuma.

---

#5 Mlinzi_wa_Ukumbi

Mimi ni msimamizi wa kumbi za majadiliano, kwa hiyo nitasema linaloharibu zaidi kwa upande wangu: wingi, na majina ya bandia.

Nianze na majina ya bandia. GiveWell, taasisi inayotathmini mashirika ya hisani, ilianza 2007. Mwishoni mwa mwaka huohuo iligundulika kwamba mmoja wa waanzilishi wake alikuwa akiitangaza kwenye tovuti za majadiliano kama MetaFilter bila kujitambulisha, akiuliza na kujibu kana kwamba ni mtu wa pembeni. Taasisi ambayo bidhaa yake pekee ni uaminifu ilikamatwa ikidanganya kuhusu nani anazungumza. Bodi ilimshusha cheo na kumtoza faini ya dola 5,000, na kisa kikawekwa kwenye ukurasa wao wa makosa, ambako mtu yeyote anaweza kukisoma. Kilichowasaidia ni kukiandika wenyewe, kwa ukamilifu, na kukiacha pale miaka yote hiyo.

Kanuni inayotoka hapo ni rahisi: sentensi ya kwanza ya jibu lako itaje uhusiano wako. Unachangia? Unalipwa? Uliwahi kufanya kazi huko? Mwenzi wako yuko kwenye bodi? Utaje kabla ya hoja. Msomaji akiugundua mwenyewe baadaye, hoja zako zote za nyuma zinafutika, hata zile zilizokuwa sahihi.

Sasa wingi. Kiungo cha makala ya ukosoaji kikitupwa kwenye kundi la wanachama 400 na maneno "jamani, mmeona huyu?", watu kumi na tano wanakwenda kujibu. Kila mmoja ana adabu, kila mmoja anaongeza sentensi mbili. Kwa aliyeandika, hiyo ni mvua ya mawe. Mara nyingi ni mtu mmoja mwenye wasomaji wachache, na baada ya siku hiyo hataandika tena. Mmepoteza mtu aliyekuwa akiwaangalia kwa macho ya nje, na waliobaki kukosoa ni wale wasiojali kushambuliwa. Kwenye kumbi ninazosimamia ninafuata haya:

- Kiungo cha ukosoaji hakipelekwi kwenye kundi bila kusema kinapelekwa kwa nini na nani anajibu.
- Watu wawili wetu wakishajibu, wa tatu aandike tu akiwa na ukweli mpya.
- Hakuna kufukua mabandiko ya zamani ya mkosoaji, kumwandikia mwajiri wake, wala kuhesabu kama yeye huchangia chochote.
- Kusambaza picha ya bandiko lake ili wengine wacheke ni kosa sawa na kumtukana.

Jingine linalosahaulika: picha za wanufaika. Mtu anakasirika, anatafuta picha ya mgonjwa aliyepona na kuibandika kama ushahidi. Huyo mgonjwa aliridhia picha yake itumike kwenye ripoti; hakuridhia kuwa silaha kwenye ugomvi wa watu asiowajua. Na ridhaa ya zamani huenda ameshaiondoa. Msitumie.

---

#6 Bi_Hesabu

Narudi kwenye hoja za matokeo, maana hapo wanachama huumizwa na tarakimu zao wenyewe.

Asilimia za uendeshaji. Mkosoaji akisema "asilimia 30 inaishia ofisini", wengi hukimbilia kujibu "hapana, ni 12 tu". Msifanye hivyo. Kwanza, hesabu hiyo hutegemea namna gharama zinavyogawanywa. Mshahara wa mhasibu anayefuatilia mradi unaweza kuwekwa upande wa mradi au upande wa utawala, na mashirika mawili yenye kazi sawa yakatoa asilimia tofauti kabisa. Pili, ukishinda kwa asilimia ndogo, umekubali kwamba hicho ndicho kipimo, na mwaka shirika litakapoajiri mkaguzi mzuri utashindwa kwa kipimo chako mwenyewe. Jibu: taja asilimia kama ilivyo kwenye hesabu zilizokaguliwa, sema ni ya mwaka gani, kisha mpe mtu kinachofaa kupimwa, yaani gharama ya matokeo yote ukijumlisha ofisi ndani yake.

Tarakimu ya "kuokoa maisha". Hapa mkosoaji mara nyingi ana haki. Makadirio makini ya kuokoa maisha ya mtu mmoja kupitia programu bora za afya yamekuwa maelfu ya dola, si makumi. Lakini mabango ya wanachama husema "dola tano zinaokoa mtoto". Dola tano hununua chandarua, na chandarua kimoja si maisha ya mtu mmoja: wengi waliolala ndani yake wasingekufa kwa malaria hata bila hicho. Ukikutana na mkosoaji anayelalamikia bango kama hilo, mwambie amesema kweli, kisha nenda ukaliondoe bango.

Vyandarua kuvulia samaki. Mwaka 2015 New York Times iliandika kuhusu vyandarua vya dawa kutumika kuvulia samaki, na swali hilo hurudi kila mara. Jibu baya ni "huo ni uzushi". Si uzushi, hutokea, hasa kando ya maziwa na pwani, na chandarua cha tundu ndogo hukamata hata samaki wachanga. Jibu sahihi lina hatua tatu. Kubali kwamba hutokea. Eleza namna inavyopimwa: wakaguzi hurudi kwenye nyumba miezi kadhaa baada ya ugawaji na kuhesabu vyandarua vilivyotundikwa. Halafu sema kikomo cha kipimo hicho, maana mtu akijua mkaguzi anakuja anaweza kukitundika asubuhi hiyo. Ukikitaja kikomo wewe mwenyewe, mkosoaji ataanza kukuuliza unachokijua, badala ya kukushtaki.

Data wazi. Utafiti wa Miguel na Kremer kuhusu dawa za minyoo kwa wanafunzi wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2004, ulikuwa nguzo ya kampeni nyingi za dawa za minyoo. Mwaka 2015 uchambuzi mpya wa watafiti wengine ulionyesha makosa ya hesabu ndani yake, na vita vya maneno vikaanza. Jambo la kuiga ni hili: watafiti wa awali walikuwa wametoa data yao wenyewe, wakakiri makosa yaliyokuwa makosa, na wakaendelea kupinga hitimisho walilodhani si sahihi. Wanachama wengi waliokuwa pembeni walifanya kinyume. Walichagua upande siku ya kwanza, bila kusoma lolote kati ya machapisho hayo.

---

#7 Kalamu_Kavu

Naomba kuongezea kuhusu hoja ya msingi, maana Mshika_Daftari ameipita haraka na ndiyo tajiri kuliko zote.

Chukua hoja ya Angus Deaton, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2015. Kwa kifupi: misaada mikubwa kutoka nje inaweza kudhoofisha mkataba kati ya serikali na raia wake, kwa kuwa serikali isiyotegemea kodi ya wananchi haina haja ya kuwasikiliza. Mwanachama akijibu "lakini dawa zetu zimeponya watu 10,000", hajaigusa hoja. Deaton hakatai kwamba dawa huponya.

Utaratibu ninaoupendekeza:

Irudie hoja kwa maneno yako mpaka mwenyewe aseme "ndivyo". Zoezi hili peke yake huua nusu ya mabishano, kwa sababu hugundua mlikuwa hamzungumzii kitu kimoja. Kisha tafuta ni sehemu gani ya hoja, ikiwa ni kweli, ingebadilisha unachofanya. Kama hoja ya Deaton ni kweli, tungetegemea madhara makubwa pale msaada ulipo sehemu kubwa ya bajeti ya taifa, na madhara madogo pale ulipo kidogo. Sasa kuna jambo la kuangalia. Tatu, sema unachokubali, na kiwe kitu kinachokugharimu. Kukubali kwamba "hakuna mkamilifu" hakukugharimu chochote. Kukubali kwamba programu fulani imechukua wauguzi wa hospitali za umma kwa mishahara minono, hilo linagharimu. Ndipo useme unachokikataa na kwa nini.

Na kuna hoja ambazo hutazimaliza. Ugomvi kati ya kusaidia mmoja mmoja na kubadilisha mifumo ni wa muda mrefu kuliko sisi sote. Mwanachama anaruhusiwa kuandika: "Hapa nimefika mwisho wa ninachokijua, bado naona njia yetu inafaa, na hoja yako haijaniondoka." Andiko kama hilo hupata heshima kwa wasomaji kimya, na hao ndio wengi.

---

#8 Mtu_wa_Matawi

Nipo kinyume kidogo, wakuu. Naona uzi unaelekea kwenye "peleka kwa wahusika, subiri, usiseme". Mavuguvugu mengi yameoza hivyohivyo. Kashfa inajulikana ndani miaka mitano, kila mtu anaambiwa apeleke kwa njia sahihi, na njia sahihi ni droo ya mtu mmoja. Mwanachama ni mtu huru. Kama anaamini shutuma ni ya kweli, aseme hadharani. Siri za taasisi si wajibu wake.

---

#9 Mshika_Daftari

Mkuu, umenisahihisha na nakubali. Niliandika kana kwamba mapokezi ya malalamiko hufanya kazi siku zote. Naongeza kipimo: ulipopeleka taarifa, uliomba uthibitisho wa kupokewa kwa maandishi? Siku saba zimepita bila uthibitisho, au siku thelathini bila kuambiwa hatua iliyochukuliwa? Anayelalamikiwa ndiye anayepokea malalamiko? Likitokea lolote kati ya hayo, ruka ngazi: bodi, kisha mdhibiti wa mashirika ya hisani mahali lilipoandikishwa, kisha hadharani. Na kama kuna mtu hatarini, ngazi hazihesabiwi.

Ninachobakia nacho ni mipaka miwili. Usitaje jina la aliyeumizwa bila ridhaa yake, hata kwa nia ya kumtetea. Mara nyingi mji, mwaka na cheo vinatosha kumtambulisha. Na tenganisha ulichokiona na ulichosikia, sentensi kwa sentensi. "Niliona barua" na "niliambiwa kuna barua" zikichanganywa, anayetuhumiwa atakanusha ile dhaifu na umma utadhani amekanusha zote mbili.

---

#10 Kalamu_Kavu

Hapo hapo, niguse shutuma kuhusu *chanzo cha fedha*, maana ina ugumu wake.

FTX, soko la kubadilishia sarafu za kidijitali, iliomba ulinzi wa kufilisika tarehe 11 Novemba 2022. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alikuwa mfadhili mkubwa wa vuguvugu la hisani yenye ufanisi, linaloitwa kwa Kiingereza effective altruism, linalohimiza kutoa pale panapoleta manufaa makubwa zaidi. Alikutwa na hatia ya ulaghai Novemba 2023, akahukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Wanachama wa vuguvugu hilo, ambao wengi hawakuwahi kumwona, waliamka wakiulizwa na kila mtu.

Nini kilikwenda vibaya kwenye majibu ya namna hiyo? Mawakili huwataka viongozi wanyamaze, kwa sababu za kisheria zinazoeleweka: kuna mfilisi anayefuatilia fedha, na neno moja linaweza kuwa ushahidi. Lakini ukimya wa viongozi huacha pengo, na wanachama hulijaza kwa kubahatisha. Mmoja anasema "hakuwa mwenzetu kamwe". Mwingine ana picha akiwa amesimama naye jukwaani. Kumkana mtu ambaye jana ulijivunia ni jibu linalokufa kwa picha moja.

Jibu linalosimama: "Alikuwa mmoja wetu, tulimsifu, tulipokea fedha zake. Waliopoteza amana zao wanastahili kujua kama tutarudisha." Na hapo kitendo ndicho jibu. Effective Ventures, mojawapo ya taasisi kuu za vuguvugu hilo, ilirudisha karibu dola milioni 27 kwa mfilisi. Kama tawi lenu lilipokea ruzuku kutoka chanzo cha namna hiyo, acheni kutumia salio mara moja, liwekwe akaunti ya pembeni, orodhesheni kilichokwisha kutumika na kwa nini, mtafute wakili wenu wenyewe. Kiasi kitangazwe wakili akiruhusu, bila kuzungusha tarakimu kwenda chini.

---

#11 Bi_Hesabu

Limebaki la kusahihisha. Wengi wanaposema "tumekiri kosa" wanamaanisha wamebadilisha ukurasa kimya kimya. Hilo ni baya kuliko kutokubadilisha, kwa sababu nakala za zamani huhifadhiwa, na mtu akizilinganisha ataonyesha zote mbili.

Masahihisho kamili yanasema: kilichokuwa kimeandikwa (neno kwa neno), kilicho sahihi, tarehe ya kubadilisha, aliyegundua kosa kama anaridhia kutajwa, na kama kosa lilibadilisha uamuzi wa mtu yeyote. Kisha yanatumwa kulekule kosa lilikosambaa. Kama tarakimu mbaya ilipelekwa kwa barua kwa wachangiaji 3,000, kuandika kwenye kona ya tovuti hakutoshi. Barua iende kwa hao 3,000.

Mfano wa kukiri nauchukua kwa PlayPumps, pampu za maji zilizozungushwa na watoto wakicheza kwenye bembea ya kuzunguka. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili binafsi walitangaza dola milioni 16.4, na lengo lilikuwa pampu 4,000 ifikapo 2010. Vijijini ikaonekana kwamba mara nyingi ni akina mama waliokuwa wakisukuma, na matengenezo yalichelewa. The Guardian ilikokotoa kwamba ili kufikia lengo la maji lililotangazwa watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Mwaka 2010 Case Foundation, mmoja wa wafadhili wakuu, iliandika wazi kwamba matarajio hayakufikiwa na kwamba fedha zimeelekezwa kwingine. Walisema wenyewe kwamba kukiri huko kunauma, na hawakumlaumu mwandishi wa gazeti.

Na kuna kosa la ahadi. Baada ya Septemba 11, 2001, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 500 kwenye mfuko maalumu, ukapanga kuweka sehemu kwa mahitaji ya baadaye. Kwa mtu wa mipango, akiba ni busara. Kwa mchangiaji, fedha aliyotoa kwa ajili ya wajane imegeuzwa kazi. Rais wa shirika alitangaza kuondoka Oktoba, na tarehe 14 Novemba shirika likatangaza kwamba fedha zote zitakwenda kwa walioathirika. Kwa hiyo mkosoaji akisema "mlisema hivi, mmefanya vile", kabla ya kueleza busara ya mlichofanya, soma upya tangazo la kuombea fedha. Lisome kama aliyelisoma siku ile akiwa na machozi. Maana aliyoielewa yeye ndiyo ahadi.

---

#12 Tawi_Jipya

Asanteni sana, nimenakili. La mwisho kwangu: ukurasa wa Wikipedia kuhusu shirika letu una kifungu cha ukosoaji chenye tarakimu isiyo sahihi. Tunaweza kuingia tukarekebisha?

---

#13 Mlinzi_wa_Ukumbi

Usiguse makala yenyewe, mkuu. Una mgongano wa maslahi, na historia ya mabadiliko inaonekana kwa kila mtu milele. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, ujitambulishe kuwa ni mwanachama (kama unalipwa na shirika, kutangaza hilo ni sharti), unukuu sentensi yenye kosa, uandike tarakimu sahihi na chanzo kisicho chenu, mfano hesabu zilizowasilishwa kwa mdhibiti. Omba mhariri asiyehusika abadilishe. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ombi liwe la tarakimu hiyo moja. Mkiomba kifungu chote cha ukosoaji kiondolewe, na tarakimu nayo haitarekebishwa.

Na kabla ya kuomba, hakikisha ripoti zenu wenyewe za nyuma hazina tarakimu hiyohiyo. Mara nyingi ndiko ilikotoka.